Kifuniko cha Tangi la Mubarak

Kasese,
14 Julai 2024

Mama Ramula,

Naomba radhi kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Mubarak amezikwa tangu mwanzoni mwa Mei, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilianza barua, nikaichana. Nikaanza nyingine, nikaichana pia. Moja ilijaa maneno ya kanisani, ambayo si ya kwenu. Nyingine ilinihusu mimi kuliko ilivyomhusu marehemu. Nimewafundisha vijana maisha yangu yote kwamba kazi mbovu irudiwe, nikaona haya kukutumia kazi mbovu. Kumbe kimya nacho ni kazi mbovu.

Sikuja mazishini kwa sababu habari ilinifikia mmekwisha kuzika. Simu ililia mezani, nami siisikii. Masikio yangu yamekufa kabisa sasa. Kelele za karakana ziliyala kidogo kidogo. Mke wangu, Mama Bright, ndiye aliyeniandikia kwenye karatasi: "Mubarak amefia ziwani. Mashine ilizimika." Nikamwuliza, "Mashine gani?" kana kwamba alikuwa na nyingine.

Ile mashine ya mtumbwi nilimpa mimi siku alipomaliza mafunzo. Ilitengenezwa kabla yeye hajazaliwa, na vipuri vyake havipatikani tena, hata Kampala. Masikio yangu yalipoanza kuharibika, Mubarak ndiye aliyekuwa akinishika mkono na kuniwekea kiganja juu ya kichwa cha mashine inayonguruma, ili nisikie kwa mkono. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyefikiria kufanya hivyo.

Sasa nieleze sababu ya kuandika leo. Shemeji yako Asuman amenitumia ujumbe kwa mkono wa Drani, dereva wa teksi ya Bwera. Anataka niandike, kama fundi, kwamba Crispus, yule muuza petroli wa Kayanzi, alimwuzia Mubarak petroli yenye maji, na kwamba maji hayo ndiyo yaliyoizima mashine. Anasema barua yangu itasomwa siku ukoo utakapoketi, eda yako ikiisha, na kwamba wakiridhika, Crispus na watoto wake watafukuzwa mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa.

Sitaandika jambo nisilolijua. Wala sitakataa kabla ya kuuliza. Nakuuliza wewe, kwa sababu Mubarak aliwahi kuniambia kwamba mke wake huona vitu ambavyo wengine huvipita. Tangi lipo? Petroli iliyobaki ipo? Nani alinusurika, na anasema nini?

Ikiwa petroli ipo, mimina kiasi katika chupa nyeupe ya soda, uiweke mahali pasipotikisika mpaka kesho yake. Maji ni mazito, yatakaa chini, na utaona mstari kati yake na petroli. Usipoona mstari, hakuna maji.

Mimi,
Kosiya

*

Bwera,
19 Julai 2024

Mzee wangu Kosiya,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na Mama Bright. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Wako watu walionyamaza kama wewe, na hawajaona haja ya kuomba radhi. Basi usijisumbue juu ya hilo. Ila usinisahihishe Kiswahili changu. Mubarak alisema barua zake ulizirudisha na wino mwekundu.

Tangu mazishi nimo katika nyumba ya Asuman. Chumba chetu cha Kayanzi kimefungwa. Sitoki nje ya ua, natazama tu juu ya uzio watu wakipita kwenda sokoni. Mashine imelala uani chini ya turubai. Siku ile ile ilipotolewa majini Asuman alileta fundi akaikausha, akaimwagia oili ndani isipate kutu. Tangi ninalo mimi, chini ya kitanda.

Unauliza nani alinusurika. Ni Ithungu, yule mama anayeuza samaki. Walikuwa wawili tu, yeye na Mubarak, wakielekea Katwe na magunia yangu ya unga. Mashine ilizimika katikati. Ikawaka, ikazimika tena. Upepo ukashuka kutoka milimani. Mubarak alisimama kuvuta kamba ya kuwashia, wimbi likapiga mtumbwi ubavuni, ukapinduka. Ithungu alishika tangi, likaelea naye mpaka wavuvi wakamfikia. Mtumbwi uliokotwa baadaye, mashine ikiwa bado imefungwa nyuma. Mubarak alipatikana kwenye matete. Zaidi ya hapo siwezi kuandika leo.

Kuhusu chupa. Asuman aliijaza mwenyewe, akaiweka dirishani. Nyumba nzima walikuja kuitazama kama wanamtazama mgonjwa. Asubuhi hakukuwa na mstari. Rangi ilikuwa moja, chini mpaka juu. Asuman alikasirika. Nakuandikia alivyosema, unisamehe: "Maji ilikuwa chini, ikamwagika mu ziwa. Huyo muzee ya Kasese masikio imekufa, sasa na macho pia?"

Halafu akasema, kama si maji, basi Crispus alichanganya mafuta ya taa. Inawezekana?

Jana Phionah, mke wa Crispus, alipita kwenye uzio akanisalimu. Wifi zangu walikuwa wamekaa nami. Hakuna aliyeitikia. Na mimi pia sikuitikia.

Nasifah

*

Kasese,
25 Julai 2024

Mama Ramula,

Mwambie Asuman kwamba macho yangu ni mazima, na kwa macho hayo nimeona kwamba anatafuta jibu kabla ya swali.

Swali la mafuta ya taa ni la haki. Watu humwaga petroli kwenye karatasi. Ikikauka bila doa, husema ni safi. Usifanye hivyo. Mashine ya Mubarak hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo doa litabaki hata kama Crispus ni malaika. Njia iliyo bora ni kuuliza mwaloni: nani wengine walijaza kutoka pipa lile asubuhi ile, na mashine zao zilikuwaje? Pipa moja haliwezi kumtilia mtu mmoja sumu na mwingine maziwa.

Kisha nataka Ithungu aje kwako aketi, asiharakishwe, aeleze jinsi mashine ilivyokufa. Hili ni jambo kubwa. Mashine inayokosa umeme hufa ghafla, kama taa iliyozimwa. Mashine inayokosa petroli hulegea, hukohoa, hubembeleza, ndipo hufa. Mwulize ni ipi kati ya hizo. Mwulize pia kuhusu kile kipira cha kubinya kilicho katikati ya mpira unaopeleka petroli kutoka tangini hadi kwenye mashine: kilikuwa kimejaa na kigumu, au kilikuwa kimebonyea? Mwulize Mubarak alishika nini kwanza, na nini kilifuata. Usimpe majibu mdomoni.

Kuhusu Phionah. Si kazi yangu kukuambia umwitikie nani. Lakini nimeona kwamba umeniandikia jambo hilo bila mimi kuliuliza.

Kosiya

*

Bwera,
4 Agosti 2024

Mzee wangu,

Ithungu alikuja. Tulimpa chai, akakaa mpaka jioni. Nimeandika maneno yake kama alivyoyatoa, na mahali alipolia nimepaacha.

Anasema mashine iliondoka vizuri Kayanzi, ikilia kama kawaida. Walipofika mbali, ikaanza kulegea. "Ilikuwa kama mutu anapanda mulima akiwa na njaa," alisema. Ikakohoa, ikafa. Mubarak hakuogopa. Aliipiga kofi kidogo akaiambia, "Bibi kizee, leo unataka nini tena?" Ithungu akamjibu, "Anataka mahari yake, hukumlipa!" Wakacheka wote wawili. Mzee, nilifurahi kusikia kwamba alicheka.

Walikaa kidogo, akavuta kamba, ikawaka. Wakaenda mwendo mfupi kuliko wa kwanza, ikafa tena. Sasa alishika kile kipira. Kilikuwa kimebonyea kabisa, "kama titi la mbuzi aliyekwisha kamuliwa." Akakibinya, hakikujaa.

Ndipo akafungua kifuniko cha tangi atazame kama petroli imekwisha. Ithungu anasema tangi lilifyonza pumzi, fyuuu, kama mtu anayekudharau. Petroli ilikuwapo tele. Akafunga kifuniko, akabinya kipira, kikajaa, akavuta kamba, mashine ikawaka vizuri sana, akasema, "Si unaona, Mama, amesharidhika." Wakaenda. Ikafa mara ya tatu. Wakati huo upepo ulikuwa umekwisha fika.

Kuhusu pipa: mitumbwi mingine minne ilijaza kwa Crispus asubuhi ile. Yote ilirudi. Nilidhani jambo hili litampoza Asuman. Alisema, "Basi alimutafuta Mubarak peke yake." Ni kweli waligombana, Crispus na Mubarak, juu ya mahali pa kufunga mtumbwi. Walikuwa wamepatana, lakini ugomvi unakumbukwa kuliko kupatana.

Na sasa kuna jambo jingine. Vijana walimkuta Crispus akifunga kibanda chake, wakampiga kwa makasia. Mkono umevunjika mahali pawili, na jicho moja halifunguki. Amelazwa Kisinga. Asuman hakuwapo. Alipoambiwa alisema, "Hiyo ni ya kuanzia," akaomba chakula.

Phionah alipita tena leo. Hakunisalimu.

Nasifah

*

Kasese,
8 Agosti 2024

Mama Ramula,

Juu ya kifuniko cha tangi, karibu na ukingo, pana tundu dogo linaloweza kupitisha sindano ya kushonea magunia. Zamani lilikuwa na skrubu yake; skrubu ilipotea, tukaliacha wazi. Litazame mchana, kwenye mwanga mzuri. Niambie kama li wazi, na kama haliko wazi, nini kimo ndani yake. Usilisafishe. Usimwonyeshe mtu.

Kosiya

*

Bwera,
11 Agosti 2024

Mzee wangu,

Hilo tundu nalijua vizuri sana, hata sikuhitaji kulitazama. Nililiziba mimi mwenyewe.

Nikueleze. Wiki ile ya mwisho petroli ilikuwa ikiruka kupitia hapo mawimbi yakitikisa tangi, ikaingia kwenye gunia langu la unga. Wanawake wa Katwe walinusa wakasema, "Mama Ramula, ugali wako utajipika wenyewe bila kuni!" Walicheka sana, lakini hawakununua. Nililirudisha gunia zima.

Basi asubuhi ile Mubarak alijaza tangi kwa Crispus, akalifunga, akanipa nilibebe kama siku zote, yeye akaenda kupakia magunia. Nilikuwa nimenunua sabuni ya mche hapo hapo kibandani. Nikamega kipande, nikakilainisha kwa vidole, nikakandamiza ndani ya tundu kwa kidole gumba. Hivyo ndivyo wanavyofanya mafundi wote wa pikipiki hapa Bwera tangi likivuja, na malori ya Asuman yanatembea na sabuni mpaka Mbarara. Petroli haiwezi kuiyeyusha sabuni, unajua kuliko mimi.

Sikumwambia Mubarak. Kulikuwa bado giza, naye hakuona. Nilitaka afike Katwe, wale wanawake wanuse, wakose la kusema, ndipo arudi aniulize, "Umefanya nini?" Lilikuwa jambo dogo la kumfurahisha.

Sabuni bado imo. Juu imelainishwa na maji, lakini alama ya kidole changu inaonekana. Je, niitoe? Naona mashine itauzwa, na mnunuzi atapenda kifuniko kisafi.

Nasifah

*

Kasese,
29 Agosti 2024

Kwa Bwana Asuman na ukoo wake, Bwera.

Mliniomba maoni ya fundi juu ya sababu iliyoizima mashine ya marehemu Mubarak. Nayatoa hapa, nanyi mnaweza kuyasoma mbele ya mtu yeyote.

Petroli ilikuwa safi. Haikuwa na maji, chupa imeonyesha. Haikuwa na mafuta ya taa ya kuizima mashine. Mitumbwi mingine iliyojaza kutoka pipa lile ilikwenda ikarudi.

Mashine ilikosa petroli kwa sababu tangi lilikosa pumzi. Petroli inapotoka, ni lazima hewa iingie mahali pake kupitia tundu la kifuniko. Tundu lilikuwa limeziba. Kwa hiyo tangi lilianza kuinyonya petroli irudi, kipira kikabonyea, mashine ikafa kwa njaa petroli ikiwapo. Marehemu alipofungua kifuniko, hewa iliingia, mashine ikawaka. Alipokifunga, mambo yakarudi yale yale. Ithungu ameyaeleza haya yote bila kujua maana yake.

Crispus hakutenda kosa katika jambo hili. Nawaomba mumwache apone kwa amani.

Kosiya,
Mwalimu mstaafu wa ufundi wa mashine

*

Bwera,
3 Septemba 2024

Mzee Kosiya,

Drani alileta barua moja tu, nayo ilikuwa ya Asuman. Nilimwuliza kama yangu imeanguka garini. Alitafuta chini ya viti vyote.

Asuman aliisoma uani kwa sauti, watu wote wakiwapo. Nilikuwa nachambua mchele. Alipofika kwenye tundu, mikono yangu ilisimama. Mzee, ndipo nilipojua. Nilijua mbele ya watu, nikaendelea kuchambua mchele.

Hawakuamini, wakataka kujaribu. Walijaza pipa maji, wakaipachika mashine, wakaja kunidai tangi. Nililitoa chini ya kitanda. Asuman aliangalia kifuniko akaona sabuni. Akaiacha, akawasha. Ilinguruma vizuri, watoto wakapiga makofi. Kisha ikaanza kulegea. Nilitazama kile kipira kikibonyea polepole. Ikakohoa, ikafa. Asuman akafungua kifuniko, tangi likafyonza, fyuuu. Ithungu alikuwapo, aliposikia sauti ile alifunika uso kwa kanga.

Sasa sikiliza nini kilifuata. Asuman aliinua kifuniko juu kila mtu aone. Akasema, "Sabuni! Na nani anauza petroli na sabuni mu kibanda moja?" Wakapiga kelele wote. "Angalia, hata kidole yake iko hapa. Alijaza, akafunga, akaweka sabuni. Hiyo haiko wizi tena. Hiyo ni kuua." Nilificha mkono wangu chini ya shuka.

Wanasubiri eda yangu iishe, wataketi Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, baada ya sala. Hawasemi tena kumfukuza Crispus. Wako wanaosema damu ilipwe kwa damu, na hawasemi kwa kificho. Yeye ametoka Kisinga, yuko kwake, mkono umefungwa. Hawezi hata kuendesha baiskeli akimbie.

Nina swali moja, na nakuomba unijibu kama fundi. Ithungu aliokoka kwa kushika tangi. Kama tundu lingekuwa wazi, maji yangeingia, tangi likazama, na yeye akafa, sivyo? Yaani sabuni ile haikumwokoa mtu mmoja?

Nasifah

*

Kasese,
8 Septemba 2024

Nasifah, binti yangu,

Tangi lingeelea. Tundu ni dogo, na petroli ni nyepesi kuliko maji. Ithungu angeokoka vile vile. Nimekaa na swali lako siku nzima nikitafuta njia ya kujibu vinginevyo. Haipo, na sitakudanganya hata kwa wema.

Barua yako ya Agosti ilipofika, niliisoma nikaiweka ndani ya Biblia, nikanyamaza tena, baada ya kukuomba radhi kwa kunyamaza. Niliposhika kalamu, nilimwandikia Asuman badala yako. Nilidhani naweza kumtoa Crispus hatarini bila kukugusa wewe. Niliandika kwamba tundu limeziba, nikaacha kuandika nani aliyeliziba, nikajiona mwenye busara. Sikufikiria kwamba palipoachwa wazi mtu mwingine atajaza jina alitakalo. Sasa Crispus yuko pabaya kuliko alivyokuwa kabla ya barua yangu.

Kuna jambo ninalotaka ulijue. Mubarak aliijua mashine ile kuliko mtu yeyote aliye hai. Alilisikia tangi likifyonza. Lilimwambia ukweli sikioni. Kama angetazama kifuniko kwa makini, angeitoa sabuni kwa ukucha. Hakutazama, kwa sababu upepo ulikuwa unakuja na alikuwa na abiria. Simlaumu. Nasema hivi ili ujue kwamba kosa lililompita fundi siku ile halikuwa wazi kiasi cha wewe kulitambua alfajiri, gizani, ukiwa na gunia la unga akilini. Hukujua. Neno hilo halimrudishi, lakini ni la kweli, na katika barua zangu zote hizi nimejaribu kukupa maneno ya kweli tu.

Najua kilichoko mbele yako. Ukinyamaza, Crispus atabeba kifo ambacho hakukileta, na pengine kitamfuata cha kwake. Ukisema, Asuman hatakuacha chini ya dari lake usiku mmoja, na atadai kwamba Ramula ni mtoto wa ukoo, abaki. Nimetafuta njia ya tatu kama ninavyotafuta hitilafu, kipande kwa kipande. Sijaiona.

Mimi nikiitwa nitakuja. Nikiulizwa nitajibu. Lakini hakuna atakayeniuliza, kwa sababu wanaamini kwamba wanajua.

Chumba cha Bright kiko wazi tangu alipohamia Fort Portal. Mama Bright ameshatandika kitanda. Hajaambiwa kwa nini, naye hakuuliza.

Kosiya

*

Bwera,
12 Septemba 2024

Mzee wangu,

Anayekuletea barua hii ni Ramula mwenyewe. Nimemwambia Drani amkalishe karibu yake mbele, asimshushe popote mpaka mlangoni kwako. Hapa nimesema anakwenda kwa Mama Bright kupimwa nguo ya shule. Wifi yangu alishangaa mbona kabeba begi zima. Nikasema watoto wa siku hizi.

Anaogopa kidogo kuongea na mtu asiyesikia. Mpe karatasi na kalamu. Anapenda kuandika, na makosa yake usiyaonyeshe siku ya kwanza. Hali mayai. Akiuliza juu ya baba yake, mwambie alicheka na Ithungu ziwani. Hilo lingine nitamwambia mimi, akikua.

Nimempelekea Phionah ujumbe kwamba kesho aje na Crispus, na wakae mbele, karibu nami. Alimrudisha mjumbe na maneno haya: "Mwambie tumekwisha pigwa vya kutosha." Nimempelekea tena. Safari ya pili nimemtuma Ithungu aende mwenyewe. Sikumweleza kitu. Alinitazama, akatazama mkono wangu, akaondoka bila kumaliza chai.

Jua likitua leo eda yangu imeisha. Nimeoga, nimetoa nguo nyingine. Kifuniko nimekichukua kwenye dirisha la Asuman alipokiweka ili watu waje kukitazama, nami ninacho hapa nikiandika. Nimeweka kidole changu gumba juu ya sabuni. Kinaingia sawasawa.

Kesho nitafanya hivyo hivyo mbele yao, nisihitaji maneno mengi.

Watakachoamua juu yangu sikijui. Asuman alimpenda ndugu yake. Hilo siwezi kumnyima. Wakishaamua, nitakuandikia. Usimwache Ramula akae macho kunisubiri.

Nasifah